Gemu za wingu kwenye miwani ya VR: inapoganda, inapochelewa, inapokataa kabisa

Malalamiko ni yale yale kila mara. Miwani ni mpya, intaneti ni ya kasi, huduma ya gemu za wingu (zinazoendeshwa na kompyuta ya mbali) imelipiwa, na bado gemu inaganda. Mtu anakimbilia kuongeza kifurushi cha intaneti, au anaanza kufikiria kuirudisha miwani dukani. Mara nyingi tatizo haliko kwenye kifurushi wala kwenye miwani. Liko kwenye zile mita chache za mwisho, kati ya ruta na uso wako. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi kinachotokea sana kuelekea kile cha nadra, ili ujaribu kwanza kisichogharimu kitu.

Kinachotokea ukibonyeza kitufe

Pedi (kidhibiti cha gemu cha mkononi) inatuma ishara kwa miwani kupitia Bluetooth. Miwani inaipa ruta, ruta inaisukuma hadi kwenye seva iliyo mbali. Seva ndiyo inayoendesha gemu: inachora fremu (picha moja moja za gemu), inaibana iwe video, inairudisha kwako. Miwani inaifungua video hiyo na kuionyesha. Kwa gemu ya fremu 60 kwa sekunde, kila baada ya kama milisekunde 17 fremu nyingine inatakiwa iwe imefika. Ikichelewa, hakuna cha kuonyesha.

Sasa kuna aina mbili za huduma, na usipozitofautisha utatafuta kosa mahali ambapo halipo. Ya kwanza ni gemu za kawaida, zile za kuchezwa kwenye televisheni, zinazoonyeshwa kwenye skrini kubwa inayoelea mbele yako. Xbox Cloud Gaming, iliyoingia kwenye miwani za Meta Quest Desemba 2023, ni ya aina hii. GeForce NOW pia, ambayo tangu mapema 2025 inachezeka kwenye kivinjari cha Quest 3 na 3S. Hapa seva inachora gemu tu. Chumba kinachokuzunguka na ile skrini yenyewe vinachorwa na miwani.

Aina ya pili ni gemu ya VR kamili inayoendeshwa na kompyuta ya kukodi iliyo mbali, kwa programu kama Virtual Desktop au ALVR. Hapa seva inachora picha mbili, moja kwa kila jicho, na kila unapogeuza kichwa taarifa hiyo lazima isafiri hadi kwa seva na picha mpya irudi. Aina hii ni ngumu zaidi na inaudhi upesi zaidi.

Jaribio la kichwa

Fanya hili kabla ya kugusa mpangilio wowote. Gemu ikianza kukorofisha, geuza kichwa taratibu kushoto, kisha kulia.

Kama chumba kimetulia na skrini kubwa imebaki mahali pake, ila picha iliyo ndani ya skrini ndiyo iliyoganda, miwani yako ni nzima. Kosa liko kwenye njia ya kwenda kwa seva, au kwa seva yenyewe.

Kama chumba chote kinatetemeka, skrini inateleza pembeni au sakafu inapanda na kushuka, wingu halihusiki. Hiyo ni kazi ya kamera na sensa za miwani. Ruka hadi kwenye dalili ya chumba kinachotetemeka.

Watu wengi hubadilisha ruta nzima kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kufuta kamera kwa kitambaa, kwa sababu tu hawakugeuza kichwa.

DALILI: Picha inaganda sekunde moja au mbili, kisha inaruka mbele

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Kisababishi cha kwanza ni miwani kuunganishwa kwenye masafa ya 2.4 GHz badala ya 5 GHz. Ruta nyingi hutangaza masafa yote mawili kwa jina moja, na kifaa hujichagulia. Masafa ya 2.4 yamejaa: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu (1, 6 na 11), majirani wako humo, oveni ya maikrowevu inavujisha kelele humo, na Bluetooth ya pedi yako nayo iko humo humo. Fungua mpangilio wa Wi-Fi kwenye miwani, bonyeza jina la mtandao uliounganishwa, usome masafa. Ikiwa ni 2.4, ingia kwenye ruta, ipe 5 GHz jina lake la pekee, na uiunganishe miwani kwa jina hilo tu. Kisha iambie miwani isahau lile jina la zamani, la sivyo itarudi huko yenyewe.

Cha pili ni umbali na ukuta. Masafa ya 5 GHz yana nafasi kubwa lakini hayapendi vizuizi, na mwili wako ni kizuizi pia. Ukiwa na kompyuta ndogo au simu yenye programu ya kupima pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde), isimamishe pale unapochezea, ipime ruta yako yenyewe (anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1) na uangalie namba zinavyopita. Mtandao mzuri unaonyesha kitu kama 3, 4, 3, 5, 4. Mtandao mbovu unaonyesha 4, 5, 138, 4, 6, 210, 5. Wastani wake bado unaweza kuonekana mzuri, lakini zile namba mbili kubwa ndizo unazoziona kama kuganda. Sasa simama katikati ya kifaa na ruta uone kama namba zinaruka. Zikiruka, geuza kiti chako utazame upande wa ruta, au ihamishe ruta ikae juu, wazi, kwenye chumba unachochezea. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati imefungwa mdomo.

Cha tatu ni mtu mwingine nyumbani. Simu inapakia picha mtandaoni, kompyuta inashusha sasisho, na ghafla pakiti zako (vipande vidogo vya data) zinasubiri kwenye foleni ndani ya ruta. Kipimo cha kawaida cha kasi hakionyeshi jambo hili. Pima hivi: anza kupima pingi kwenda nje, kisha wakati inaendelea, pakia faili kubwa kutoka kifaa kingine. Pingi ikitoka 20 hadi 300, foleni ndiyo tatizo, na kununua kasi kubwa zaidi kunaweza kusisaidie kabisa. Tafuta kwenye ruta mpangilio wa kusimamia foleni hiyo unaoitwa SQM, au chaguo lenye jina fq_codel au CAKE. Weka kikomo cha kasi chini kidogo ya kile unachopata kweli, asilimia 85 hadi 90. Ndiyo, unajipunguzia kasi kwa makusudi. Gemu ya wingu haihitaji kasi kubwa mno. Inahitaji pakiti zifike kwa mpangilio na kwa wakati. Kama ruta yako haina chaguo hilo, angalia kama ina orodha ya vifaa vya kupewa kipaumbele na uiweke miwani humo.

Cha nne, vipanuzi vya Wi-Fi. Kipanuzi cha bei nafuu husikia pakiti na kuirudia hewani kwa masafa yale yale, hivyo muda wa hewani unaliwa mara mbili. Kwa kutazama video hutajua, kwa sababu video ya kawaida ina akiba ya sekunde kadhaa mbele. Gemu haina akiba, kwani fremu inayofuata bado haijachorwa. Ukilazimika kutumia kipanuzi, kivutie waya kutoka kwenye ruta.

Cha tano kina alama yake: unacheza vizuri, kisha mtandao unatoweka kabisa kwa muda unaoweza kufika dakika moja, halafu unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ichunguze chaneli ya 5 GHz. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pamoja na rada, na ruta ikihisi rada inalazimika kuhama mara moja. Ikihamia chaneli nyingine ya kundi hilo hilo, inatakiwa kwanza isikilize kwa dakika nzima. Weka chaneli kati ya 36 na 48 kwa mkono, uone kama tatizo linarudi.

Ukishapitia yote na namba za ndani ya nyumba ni safi, lakini pingi ya kwenda nje bado inaruka hata kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, acha. Tatizo liko kwa mtoa huduma wa intaneti na hakuna mpangilio wa nyumbani utakaolitibu. Mwisho wa mwongozo nimeeleza umpelekee nini.

DALILI: Picha ni laini, lakini mhusika anachelewa kukutii

Hapa hakuna kuganda. Unabonyeza kuruka, na anaruka umeshakata tamaa.

Mara nyingi ni umbali wa seva. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kati yako na seva zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hapo hatujahesabu mizunguko ya njia wala vifaa vya katikati. NVIDIA wanataka muda usiozidi milisekunde 80 hadi kituo chao cha GeForce NOW, na wanashauri uwe chini ya 40. Programu yao ina kipimo ndani yake. Kitumie kile badala ya tovuti za kupima kasi, maana tovuti zile hupima hadi seva iliyo jirani nawe, si ile inayochora gemu yako. Angalia pia eneo la seva ulilochaguliwa. Wakati mwingine huduma inakutupa mbali kuliko inavyohitajika, na kulibadilisha kwa mkono kunamaliza tatizo.

Kisha VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine kwanza. Watu huiwasha kwa sababu nyingine na kuisahau. Izime, upime tena.

Kisha Bluetooth ya pedi, ambayo huongeza ucheleweshaji wake yenyewe, hasa betri ikiwa chini au miwani ikiwa bado imeshikilia 2.4 GHz kwa ajili ya Wi-Fi.

Nisikufiche: kama kituo cha karibu kiko kilomita 5,000, hakuna mpangilio utakaoshinda umbali huo. Ridhika na gemu za mbinu, za mafumbo, za hadithi, za kupokezana zamu. Zinachezeka vizuri hata kwa milisekunde 120. Gemu za kupigana ana kwa ana na za kulenga risasi mtandaoni ziache, utaumia moyo bure.

DALILI: Picha ina ukungu, au imejaa vipande vya mraba

Tenganisha mawili haya. Ukungu ni tatizo la macho na lenzi. Vipande vya mraba ni tatizo la video.

Kwa ukungu, anza na lenzi. Jasho na mafuta ya kope huacha utando usiouona mpaka uinamishe lenzi kwenye mwanga. Futa kwa kitambaa kikavu cha miwani, kwa mduara kutoka katikati kwenda nje. Usitumie spiriti wala dawa ya kusafishia vioo, zinaharibu tabaka la juu la lenzi na haliponi. Kisha rekebisha nafasi kati ya lenzi hadi ilingane na nafasi kati ya mboni zako, na uishushe au kuipandisha miwani usoni mpaka maandishi ya menyu yawe makali. Kama menyu ya miwani yenyewe ina ukungu, gemu haina kosa.

Menyu ikiwa kali na gemu tu ndiyo hafifu, pengine unaidai miwani kisichowezekana. Quest 3 inaonyesha takriban pikseli 25 kwa kila nyuzi (digrii) moja ya uwanja wa kuona. Ukiiweka skrini ichukue nyuzi 50 za upana, unaona kama pikseli 1,250 tu za upana huo, hata kama seva inakutumia picha yenye upana wa 1,920. Ukiikuza skrini, maelezo yanaongezeka. Ukiisogeza mbali iwe ndogo, yanapotea. Ndiyo maana simshauri mtu alipie daraja la 4K kwa ajili ya miwani hizi. Fedha hiyo haifiki machoni.

Vipande vya mraba, hasa wakati gemu ina moshi, mvua au majani mengi, vinaonyesha kuwa video imebanwa kupita kiasi. Huduma ikihisi mtandao unayumba hupunguza kiwango cha data, na picha ngumu kubanwa ndizo zinazoumbuka kwanza. Rudi kwenye dalili ya kuganda. Tiba ni zile zile. GeForce NOW inahitaji megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 720p na 25 kwa 1080p, zote za fremu 60. Kwa VR kamili ya kompyuta ya mbali, 50 ni kidogo, na wengi huenda 100 au zaidi.

Hapo ukumbuke bando lako: megabiti 15 kwa sekunde ni gigabaiti 6.75 kwa saa, na 25 ni gigabaiti 11.25. Kwenye intaneti yenye kikomo, jioni moja inaweza kumaliza kilichotarajiwa kudumu wiki.

Kwa wanaotumia kompyuta ya kukodi, kuna kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufungua video. Quest 3 inafungua AV1 kwa maunzi yake, Quest 2 haiwezi. Ukiilazimisha Quest 2 kwenye AV1 utapata kioo cheusi au kigugumizi. Iache kwenye HEVC au H.264.

DALILI: Huduma haifunguki, au kioo cheusi baada ya nembo

Kwa mpangilio huu: angalia kama usajili wako bado hai na kama daraja ulilolipia linajumuisha kucheza kwa wingu. Angalia kama huduma imefunguliwa rasmi katika nchi uliyopo. Sasisha mfumo wa miwani, kisha programu au kivinjari, kisha uzime miwani kabisa na kuiwasha. Kuilaza tu haitoshi. Hakikisha tarehe na saa ni sahihi, maana saa ikikosea vyeti vya usalama vinakataliwa na hutaambiwa kwa nini. Kwenye GeForce NOW, hakikisha gemu unayoitaka unaimiliki kwenye duka linalotambuliwa na huduma. Huduma hiyo inakodisha kompyuta, haikupi gemu zote.

Mtandao wa hoteli, chuo au ofisi ni kesi ya peke yake. Video ya gemu husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho, na mitandao hiyo mara nyingi huizuia. Menyu itafunguka vizuri, kisha gemu itabaki nyeusi. Jaribu kwa mtandao wa simu yako: ikifanya kazi huko, umepata jibu. Usihangaike kuvunja ukuta wa mtandao usio wako. Mwombe msimamizi.

DALILI: Gemu inajifunga yenyewe katikati

Daraja la bure la GeForce NOW hukata kikao baada ya saa moja. Hilo si kosa, ni masharti. Huduma hizi pia hukutoa ukikaa bila kugusa kitu, na miwani inalala ukiivua hata kwa dakika chache: sensa iliyo kati ya lenzi inahisi uso haupo. Ongeza muda wa kulala kwenye mpangilio wa nishati. Kama inakatika kila siku baada ya kiasi kile kile cha matumizi, soma masharti ya kifurushi chako cha intaneti. Wapo wanaoshusha kasi ukivuka kiwango fulani.

DALILI: Pedi haionekani, au inakatika

Vidhibiti viwili vilivyokuja na miwani havitoshi kwa Xbox Cloud Gaming. Unahitaji pedi ya kawaida ya gemu.

Kisababishi kikuu ni pedi kushikwa na kifaa kingine. Umeitumia jana kwenye simu, simu iko mfukoni, na pedi inaiamkia simu kila unapoiwasha. Zima Bluetooth ya simu. Kisha iweke pedi katika hali ya kuunganishwa: ya Xbox, shikilia kitufe kidogo cha juu, karibu na mlango wa USB, hadi taa ipepese haraka; DualSense ya PlayStation 5, shikilia kitufe cha PS pamoja na kile cha Create. Taa ikipepesa polepole, pedi bado inamtafuta bwana wake wa zamani. Endelea kushikilia.

Ya pili: pedi haina Bluetooth kabisa. Pedi za kwanza za Xbox One hazikuwa nayo. Itazame kwa karibu. Kama plastiki inayozunguka kitufe cha Xbox ni kipande kimoja na uso wa pedi, Bluetooth ipo. Kama ni kipande cha pekee kilichoungana na vitufe vya juu vya mabega, haipo, na hakuna sasisho litakaloileta.

Betri zilizochoka huifanya pedi ikatike kila inapotetemeka, kwa sababu mota za mtetemo zinavuta umeme mwingi ghafla. Zima mtetemo kama jaribio. Kukatika kukikoma, badilisha betri.

DALILI: Chumba chote kinatetemeka au kinateleza

Sasa tuko ndani ya miwani. Sababu ni mwanga, kwa kawaida: chumba ni giza mno, au kuta ni tupu na nyeupe kiasi kwamba kamera hazina alama ya kushika. Washa taa. Funika vioo vikubwa. Futa kamera za nje kwa kitambaa kikavu. Chora upya mpaka wa eneo la kuchezea. Hali ikiendelea hata ndani ya menyu, intaneti ikiwa imezimwa, fanya urejeshaji wa kiwandani, na baada ya hapo mpelekee mtengenezaji. Usiifungue miwani mwenyewe. Kamera zake zimepimwa na kuoanishwa kiwandani, na kuisogeza hata moja kidogo kunaharibu vipimo hivyo.

Tofauti moja kwa wanaocheza VR kamili kutoka mbali: ukigeuka haraka na kuona ukingo mweusi upande unaoelekea, kisha unajaa, hilo si kosa la kamera. Miwani imepata picha iliyochorwa kabla hujageuka, imeizungusha kidogo ili ifuate kichwa chako, na imekosa cha kujaza pembeni. Ukingo unavyokuwa mpana ndivyo ucheleweshaji ulivyo mkubwa. Ninautumia kama kipimo cha haraka kuliko programu yoyote: geuka, uutazame ukingo, badilisha mpangilio mmoja, geuka tena.

DALILI: Sauti inakuja nyuma ya picha

Vipokea sauti vya Bluetooth, karibu kila mara. Tumia spika za miwani au vya waya.

DALILI: Kichefuchefu, jasho baridi, kichwa kinazunguka

Vua miwani sasa hivi. Usijikaze ukidhani utazoea. Kujikaza kunaufundisha mwili kuichukia miwani, na watu wengine huanza kujisikia vibaya wanapoishika tu.

Chanzo ni macho kusema unatembea na sikio la ndani kusema umekaa. Kwa gemu za skrini inayoelea, tatizo hutokea pale skrini inapofungwa kichwani, yaani inapofuata kila unapogeuka, au inapokuwa kubwa kiasi cha kufunika uwanja wote wa kuona. Iweke ikae mahali pamoja, uipunguze, na uchague chumba chenye sakafu na kuta zinazoonekana, au uwashe kamera uone chumba chako halisi. Kaa kwenye kiti. Kwa VR kamili kutoka mbali, ucheleweshaji wenyewe unaumiza. Picha ikishindwa kufuata kichwa ndani ya takriban milisekunde 20, wengi huanza kuhisi. Miwani inajitahidi kuziba pengo kwa kuzungusha picha ya zamani, lakini inaziba mzunguko wa kichwa vizuri kuliko mwendo wa mwili. Kwa hiyo chagua gemu za kukaa badala ya za kukimbia na kuchutama.

Hapa kuna mpaka usiovukwa. Ukiona misuli inaruka yenyewe, macho yanakakamaa, umepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, au mtoto ameonekana amepotea kwa sekunde kadhaa, acha kucheza na umwone daktari kabla ya kuivaa tena. Maonyo ya Meta yenyewe yanataja takriban mtu 1 kati ya 4,000 anayeweza kupata kifafa kwa mimweko ya mwanga, hata bila historia yoyote. Watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenye miwani za Meta. Kizunguzungu au kuona mara mbili kunakoendelea hadi siku ya pili nako ni kwa daktari.

DALILI: Miwani ni ya moto, inapunguza kasi au inazima

Kufungua video muda wote, Wi-Fi ikiwa wazi na kioo kikiwaka, ni kazi nzito. Ikiwa unachaji huku unacheza, joto linazidi. Toa chaji, subiri ipoe, hakikisha matundu ya hewa ya juu hayajafunikwa na nywele, kofia wala kifuniko. Punguza mwangaza wa kioo. Usiiweke kwenye friji, unyevu utafanya matone ndani.

Usiiache kamwe lenzi zikitazama jua, hata dirishani kwa dakika chache. Lenzi hukusanya mwanga wa jua na kuchoma kioo, na alama hiyo ya manjano au nyeusi ni ya kudumu.

Na kama ganda limevimba, limepasuka kwenye maungio, linatoa harufu tamu ya kemikali, au mlango wa kuchajia umebadilika rangi au kuyeyuka, zima, usichaji tena, usiibonyeze irudi, usitoboe. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na upeleke kwa fundi aliyeidhinishwa. Betri ya lithiamu iliyovimba haina matengenezo ya nyumbani.

Ukimpigia mtoa huduma wa intaneti

Usimwambie "gemu inaganda". Atakuambia upime kasi, kasi itakuwa nzuri, na mazungumzo yataisha. Unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, Wi-Fi ya vifaa vingine ikiwa imezimwa, na upime pingi kwa dakika kumi asubuhi na tena kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Andika pakiti zilizopotea, namba ya juu kabisa, na saa. Pima ruta kwanza, kisha anwani ya nje, ili aone kwamba ndani ya nyumba hakuna pakiti iliyopotea na nje zimepotea. Hata asilimia 1 ya pakiti kupotea inatosha kuivuruga gemu. Omba tiketi ya malalamiko na uulize mambo mawili kwa jina: kiwango cha ishara kwenye laini yako, na msongamano wa eneo lako saa za usiku. Waya wa nje, kisanduku cha fiba na nguzo ni vya fundi wao. Fiba hata usiichungulie mwisho wake uliokatika, kwa sababu mwanga wa leza uliomo hauonekani na unaweza kudhuru jicho.